Usinunue ya Lita 5, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Fukayosi! Barua yako nimeisoma mara mbili, na hiyo mara ya pili mchuzi ukashika chini. Unasema marehemu baba mdogo amekuachia kamera, kopo la dawa ya unga ambalo halijafunguliwa, chupa nusu ya kitu cheusi kisicho na lebo, na kwamba ndani ya kamera mna mkanda uliokwisha kupigwa lakini haujasafishwa. Halafu unauliza kwa pupa, kama mtu ambaye gari la Bagamoyo limeshaanza kuondoka: "Dada, dawa ipi nzuri ya picha nyeusi na nyeupe, naiweka wapi, na nianze na huo mkanda?"

Huo mkanda usiuguse. Uzungushe urudi wote ndani ya kiganda chake, utoe, uutie kwenye kikopo chenye mfuniko, umpe mama mdogo aufungie sandukuni na kanga zake. Tutauzungumza mwisho, na ukiona nachelewa kufika huko ujue nafanya kusudi.

Swali la "ipi nzuri" kila mzee wa studio atakujibu kwa kutaja dawa aliyoitumia yeye, tena kwa uhakika wa mtu anayetaja kijiji alichozaliwa. Usimbishie, ila uliza alikuwa akifanya kazi ya namna gani. Pwani yetu imejaa majina: Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, kisha ikaendelezwa na mwanawe; studio ya Parekh pale Mombasa; ya Bakor kule Lamu. Studio yenye wateja kutwa, leo harusi, kesho picha za pasipoti, husafisha mikanda kila siku, na dawa ikianza kuchoka hutiwa mbichi juu yake kazi ikaendelea. Ni sufuria ya mama ntilie, haipati nafasi ya kupoa. Wewe unapiga mkanda mmoja kwa mwezi, na msimu wa kulima hata huo mmoja unakushinda, umeniandikia mwenyewe. Ukimwiga mwenye studio utakuwa kama mseja aliyepika wali wa watu kumi, kisha asubuhi anashangaa umechacha. Kwako wewe dawa nzuri ni ile itakayokuwa hai siku ukiihitaji. Ulaini wa chembe, ukali wa mistari, kijivu kizuri cha uso wa mtu, hayo nayo yana mahali pake, lakini yanapanga foleni nyuma.

Kinachoiua dawa ni hewa. Kazi yake ni kuichukua chumvi ya fedha iliyoguswa na mwanga na kuigeuza iwe fedha yenyewe, ile tunayoiona nyeusi kwenye negativu. Dawa yenye hamu ya kufanya hivyo ina hamu ileile na oksijeni, na haichagui: ikikosa mkanda inajimaliza kwa hewa iliyomo shingoni mwa chupa. Ndiyo maana watengenezaji huitia salfaiti nyingi, iwe mlinzi wa kuliwa kwanza. Joto nalo huongeza mwendo. Kanuni ya mkato ya wakemia ni kwamba nyuzi 10 zikiongezeka, mwendo wa mambo huelekea kuwa maradufu. Sasa angalia hesabu ya Kodak kwa D-76 iliyokwisha kuyeyushwa: miezi 6 katika chupa iliyojaa na kufungwa barabara, miezi 2 ikiwa nusu chupa. Dawa moja, chupa moja, na miezi 4 imekwenda na ule uwazi wa juu peke yake. Wala hesabu hiyo haikufanywa chini ya bati la Fukayosi mwezi wa Februari. Mimi kwa joto letu nahesabu miezi 3 kwa chupa iliyojaa, na iliyofika nusu naitumia ndani ya wiki mbili tatu au naimwaga.

Hapo ndipo paketi kubwa inapokuponza. Utaonyeshwa kwamba ya lita 5 ni nafuu kuliko ya lita 1, na kweli ni nafuu, kama sukari ya jumla. Lakini tangi la mkanda mmoja wa milimita 35 hutaka kama mililita 300 tu. Ukichanganya dawa na maji sawa kwa sawa, umetumia 150 za dawa, ukimaliza unamwaga. Lita 1 inakupa mikanda 6. Lita 5 inakupa 33, yaani kwa mwendo wako ni karibu miaka 3, na dawa yenyewe haitafika hata theluthi ya safari hiyo. Wala usijidanganye kwamba utayeyusha kijiko leo na kijiko mwezi ujao. Ndani ya paketi mna unga wa aina kadhaa, mzito na mwepesi, na safarini hujipanga wenyewe. Kijiko cha juu hakifanani na cha chini. Paketi ikifunguliwa inayeyushwa yote siku hiyohiyo.

Tuzijue basi kwa tabia zao, kama tunavyowajua mawifi.

D-76 ipo tangu miaka ya 1920, na ID-11 ya Ilford ni pacha wake. Haina makuu. Mkanda wowote unaelewana nayo, na dakika zake zimeandikwa kila mahali. Katika lita 1 mna metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. Mwenye mizani ya maabara na subira anaweza kuitengeneza mwenyewe, mradi atangulize chembe ndogo ya salfaiti, kisha metoli iyeyuke kabisa ndipo vingine vifuate. Faida yake kwa mtu wa Fukayosi ni kwamba ni unga. Paketi isiyofunguliwa, isiyopata unyevu, hukaa miaka, na ndugu anayetoka Nairobi au Muscat anaweza kuibeba bila kuimwagia kanzu zake. Mwambie tu aiache ndani ya paketi yake yenye maandishi. Unga mweupe usio na jina uwanja wa ndege ni mazungumzo marefu.

Rodinal ndiyo ningekununulia mimi kama ningepewa nafasi ya kukupa kitu kimoja. Hataza yake ilitolewa Ujerumani mwaka 1891, na leo dawa hiyo inauzwa pia kwa majina kama Adonal na R09. Ni ya maji, kali, na inatumika kidogo sana: sehemu 1 ya dawa kwa 50 za maji, yaani mililita 6 tu kwa tangi lako. Hiyo unaipima kwa bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, bila ncha. Chupa ya nusu lita ni mikanda zaidi ya 80, na itakungoja. Hukaa miaka hata ikiwa imefunguliwa. Ubaya wake ni chembe. Kwa mkanda wa mwendo mdogo, mchana wa jua kali kwenye mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, itakuchorea kila jani kwa wembe. Kwa ngoma za usiku pale TaSUBa mjini Bagamoyo, na mkanda wa 400 uliosukumwa hadi pumzi zikakatika, itakumwagia mchanga wa ufukweni juu ya nyuso za watu, na vivuli vitazama. Kazi hiyo mpe D-76.

HC-110 nayo inasifiwa kwa kukaa, lakini kuwa mwangalifu na sifa za zamani. Ile iliyoipa jina ilikuwa nzito kama asali, na watu waliiweka kabatini miaka na miaka. Inayotengenezwa siku hizi ni nyepesi zaidi na haina umri wa dada yake mkubwa. Bado ni nzuri, na itatufaa kwenye ule mkanda wa sandukuni.

Halafu XTOL, ambayo mimi na yeye hatusalimiani. Nitakwambia kwa nini, na kosa ni langu mwenyewe. Nilikuwa nimepiga mkanda mzima kwenye magofu ya Kaole, alasiri, mwanga umelala juu ya makaburi ya matumbawe kama umepangwa. Dawa nilikuwa nayo chupani, nusu, tangu kabla ya Ramadhani. Nikaitazama: safi, nyeupe kama maji ya kunywa. Nikasema hii haijaharibika. Nikaitia, nikahesabu dakika zangu vizuri, nikatia fiksa, ile dawa ya kuzifanya picha zidumu, nikafungua tangi. Mkanda ulitoka mtupu kama kioo cha dirisha. Hata namba za pembeni, zile ambazo kiwanda huzichapa kwa mwanga, hazikuwepo. Shika hiyo, itakufaa: namba za pembeni zikiwepo na picha hakuna, lawama iko kwenye kamera, namba nazo zikikosekana, dawa ilikuwa maiti, au ulitanguliza fiksa. XTOL hufanya kazi kwa ndugu wa vitamini C, ni laini ajabu ikiwa mbichi, lakini hufa ghafla bila kubadili uso. Tena kwa kawaida huja kwa paketi ya lita 5. Nimesema yangu.

Kwa hiyo rangi usiiamini kabla hujajua unamtazama nani. D-76 mbichi ni angavu. Ikiwa manjano hafifu ya majani makavu bado inafaa, ikifika chai ya rangi ni ya kumwaga. Rodinal huwa nyeusi kama kahawa ya kijiweni na inaendelea kufanya kazi. XTOL inakufa na uso wake mweupe.

Najua utaniuliza kuhusu kahawa, kwa sababu vijana wote siku hizi wananiuliza kuhusu kahawa. Ndiyo, mkanda unasafishika kwa kahawa ya kuyeyuka. Jambo hilo lilitoka darasani, chuoni Rochester, Marekani, mwaka 1995, na baadaye ikaongezwa vitamini C. Kanuni moja inayotumika sana ni gramu 54 za soda ya kufulia iliyo kavu, gramu 16 za unga wa vitamini C na gramu 40 za kahawa kwa lita 1, dakika 15 kwa nyuzi 20. Kahawa ya bei nafuu yenye robusta ndiyo inayopendwa, na sisi tunayo ya Bukoba. Uzuri wake ni kwamba haina habari ya kuhifadhi: unakoroga, unatumia ndani ya saa moja, unamwaga. Tatizo ni soda. Magadi ya sokoni, tunayotia kwenye maharage, yamechanganyika na bikaboneti, chumvi na mchanga, hayana nguvu moja kutoka fungu hadi fungu. Jaribu kwa mkanda wa mzaha, wa mbuzi na watoto wa jirani. Nyumba itanuka kama kahawa iliyomwagikia sabuni ya mche.

Haidrokwinoni niliyoitaja juu ni ileile ya krimu za kujichubua, iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi vya nchi hii. Tukiwa tunawasema wanaojipaka mkorogo, tusiende nyuma ya nyumba kuchovya mikono kwenye haidrokwinoni hadi viganja. Vaa glavu. Metoli nayo huwawasha baadhi ya watu, na ngozi ikishaikataa haisamehi. Kijiko cha dawa kiwe cha dawa, kitoboe tundu kwenye mpini ili hata gizani mtu asikipeleke kwenye uji. Na hapa sicheki: dawa isikae kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Nyumba zetu zinajua habari za mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa kwenye chupa ya soda. Rodinal ni kali zaidi kwa koo, kwa kuwa inatengenezwa kwa alkali kali. Iwe na chupa yake, jina lake kwa herufi kubwa, na kufuli.

Chupa zenyewe. Zile za kahawia za dawa ya kikohozi ni nzuri ukizipata zenye kofia zake. Rangi ya kahawia si jambo kubwa kama wanavyosema. Kofia inayobana ndiyo jambo. Ukishayeyusha lita yako 1, usiiache kwenye chupa moja uwe unaipunguza kila mwezi kama mafuta ya kula. Igawe siku ileile kwenye chupa ndogo za mililita 150, kila moja ijae hadi mdomoni, kila moja ni mkanda mmoja. Ikiwa chupa ulizopata ni za 200, tumbukiza gololi. Ndiyo, hizo hizo za watoto. Zioshe, zitie moja moja hadi dawa ifike kwenye mdomo wa chupa, funga. Wapo wanaopuliza gesi ya kujazia kiberiti juu ya dawa ili kuifukuza hewa. Nyumba yenye jiko la mkaa na paa la makuti, usithubutu.

Wakati wa kuyeyusha, D-76 inataka maji ya moto, nyuzi 50 hadi 55, na yakiwa yalichemka kwanza ni bora, yanakuwa yametoa hewa. Koroga kama unakoroga uji wa mgonjwa, polepole, usiupige mawimbi. Subiri ipoe ndipo ufunge. Kwenye karatasi ya gundi andika jina, tarehe ya kuyeyusha, na alama ya kila mkanda uliopita. Tarehe iandikwe siku hiyo, kwa kalamu isiyofutika na maji. Kumbukumbu yako haina dhamana, na yangu ndiyo iliyoniponza Kaole. Kofia ya fiksa isiwahi kuvishwa chupa ya dawa. Matone machache tu ya fiksa yanatosha kuiharibu.

Mahali pa kuziweka: sakafu ya saruji, chini ya kitanda, upande usiopigwa na jua la jioni. Juu ya kabati karibu na bati ndiko joto linakolala mchana kutwa. Friji ya chakula, hapana. Kwanza ni ya chakula, pili D-76 ikipoa sana hutoa fuwele kama chumvi chini ya chupa, na kuziyeyusha tena ni kazi ya bure. Ukiwa na mtungi wa udongo uliovunjika mdomo, utie mchanga wenye majimaji, uzike sanduku la plastiki lenye chupa zako katikati. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo hautapoa kama wa Dodoma, lakini nyuzi chache unazipata, na joto lake halipandi na kushuka kila saa.

Sasa siku ya kusafisha. Karatasi za mikanda zimeandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya ndoo yako mwezi wa Januari hayajapata kuiona 20. Usipambane nayo. Ilford wana kanuni ya kukumbukika: kazi ya dakika 4 kwa nyuzi 20 inakuwa dakika 3 kwa nyuzi 23. Ukiendelea na uwiano huo, mkanda wa HP5 Plus unaotaka dakika 7 na nusu kwenye ID-11 isiyochanganywa utataka kama dakika 4 tu kwa nyuzi 26. Dakika 4 ni chache mno. Dawa haijamaliza kuenea, umeshaitoa, na anga la picha litatoka na mawingu ambayo Mungu hakuyaumba. Lakini dawa ileile ikichanganywa na maji sawa kwa sawa huanzia dakika 13, na kwa nyuzi 26 inabaki 7 na kitu. Hapo unafanya kazi kwa utulivu. Huko kwa wenye baridi kuzimua dawa ni kubana matumizi na kunoa mistari. Kwetu sisi ndiyo kunakotupa muda.

Kipimajoto ununue, usikisie kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto. Fanya kazi saa 11 alfajiri, na ukiweza mikanda yako mingi isubiri kipupwe. Maji yalale kwenye mtungi usiku kucha. Yakikataa kushuka, weka barafu ya mfuko kwenye beseni, ikiwa bado imefungwa, na chupa zako zisimame ndani ya beseni hilo; barafu isiingie kwenye dawa. Kisha angalia jambo ambalo wengi hulisahau: dawa, fiksa na maji ya kuoshea yote yawe na joto moja. Ukitoa mkanda kwenye nyuzi 22 ukautupa kwenye maji ya bomba ya 30, ngozi yake inaweza kukunjika kama utando wa maziwa yaliyochemka, na mikunjo hiyo haiondoki. Mikanda ya siku hizi imekomazwa kuliko ya zamani, inavumilia, lakini usiipime imani.

Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie kuyeyushia. Ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi ni mazuri. Kwa suuza ya mwisho mimi hununua maji ya betri kwenye duka la vipuri, kwa kuwa yameondolewa madini na hayaachi madoa yakikauka. Taja neno maji, na usome chupa kabla ya kulipa. Asidi ya betri inauzwa rafu hiyohiyo. Mabaki usiyamwage karibu na kisima, hasa fiksa iliyotumika, ambayo imebeba fedha ya kila mkanda uliopita humo.

Haya, kopo na chupa ya baba mdogo. Kopo lifungue nje, upepo ukiwa mgongoni. Unga ukiwa mweupe au wa rangi ya maziwa, una tumaini. Ukiwa wa kahawia au umeshikana kama sukari guru, ufunge na uuage. Ile chupa nyeusi usiimwage kwanza. Huenda baba mdogo alikuwa mtu wa Rodinal, na weusi wake si ugonjwa. Chukua ulimi wa mkanda mwingine, si ule wa sandukuni, ile ncha inayotokeza nje ya kiganda na ambayo imeshaona jua. Vaa glavu, zimua mililita 2 kwa 50 za maji, utumbukize ulimi huo mchana kweupe. Dawa iliyo hai itaugeuza mweusi tii ndani ya dakika chache. Ukibaki kijivu cha jivu la mkaa, dawa imezeeka. Ukibaki kama ulivyokuwa, unaongea na marehemu. Jaribio hili ulifanye kila mara kabla ya kila mkanda, hata kwa dawa uliyoyeyusha mwezi uliopita, hata ukiwa na haraka. Ningelifanya mimi, ningekuwa na picha za Kaole.

Na hata ikigeuka nyeusi tii, mkanda wa sandukuni hauingii humo. Kwanza piga mikanda yako miwili, ya barabara ya Msata, ya mama mdogo akichambua mchicha, ya chochote. Isafishe, uikosee, uirekebishe. Wakati huo agiza chupa mpya ya HC-110. Mkanda uliokaa miaka kwenye joto la pwani hufifia picha zake na huku ukungu ukipanda juu yake, na dawa hiyo ina sifa ya kutoupalilia ukungu; itumie kwa kiasi cha sehemu 1 kwa 31 za maji. Kabla ya hapo soma kiganda. Kikiwa kimeandikwa C-41, kwa kawaida ni mkanda wa rangi. Bado unaweza kuusafisha kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, negativu itatoka na wekundu wa machungwa lakini sura za watu zitakuwepo kama zilikuwepo.

Siku hiyo usialike watu. Safisha, tia fiksa, osha, suuza kwa maji ya betri, uning'inize bafuni na kibanio cha nguo chini ili usijiviringe, ufunge mlango vumbi lisiingie. Mama mdogo atataka kuingia. Mzuie hadi jioni mkanda ukauke. Ukiwa bado mbichi ngozi yake ni laini kama jeli, na akimgusa mumewe hapo kwa kidole, alama ya kidole hicho itabaki kwenye negativu.